Bawa dogo juu ya ziwa: Siri ya ndege za mbio na ndege za dawa

Na Mwandishi Wetu, Musoma

GARI linalopeleka dawa kutoka Mwanza kwenda kisiwa cha Ukerewe kwa njia ya nchi kavu hulazimika kuzunguka kwa kupita Bunda, mkoani Mara, kisha kushuka hadi Kisorya na kusubiri kivuko cha kuvukia Rugezi. Safari hiyo ni ya takriban kilomita 240 na inaweza kuchukua saa sita.

Mwaka 2018, ndege ndogo isiyo na rubani ilikatisha juu ya maji ya Ziwa Victoria na kufika kisiwani humo kwa wastani wa dakika 40, ikiwa imeruka kilomita 60 tu. Ilikuwa na uwezo wa kubeba hadi kilo 4 za dawa, na katika majaribio yaliyodumu miezi sita ilikusanya kilomita zipatazo 2,200 angani.

Majaribio hayo yalifanywa na kampuni ya usafirishaji ya DHL, Shirika la Maendeleo la Ujerumani, GIZ, pamoja na watengenezaji wa ndege hiyo, kampuni changa ya Ujerumani iitwayo Wingcopter. Kwa wakazi wa Ukerewe, ambao idadi yao ni takriban 400,000, swali lilikuwa dogo lakini zito: dawa isiyopatikana kisiwani itafika kabla ya mgonjwa kuzidiwa, au baada?

Wengi waliotazama picha za ndege hiyo walivutiwa na mapanga yake yanayozunguka. Hata hivyo, kilichoivusha ziwa ni kitu kisichozunguka wala kutoa sauti, nacho ni bawa.

Ndege nyuki za kawaida, zile zenye mapanga manne zinazopiga picha harusini, hujinyanyua kwa nguvu ya betri peke yake kila sekunde zinapokuwa hewani. Mota zikizimika, zinaanguka kama jiwe. Nyingi haziwezi kukaa angani zaidi ya nusu saa.

Ndege za aina hiyo zina kazi zake. Katika mipaka ya hifadhi za Tanzania, ikiwemo Serengeti, watafiti walizijaribu kuwafukuza tembo wanaovamia mashamba, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Tembo hawaipendi sauti ile, inayofanana na ya kundi la nyuki. Mkulima wa Bunda anayelinda mtama wake usiku hahitaji ndege iendayo kilomita 60. Anahitaji iwezayo kuning'inia juu ya shamba lake kwa dakika kumi.

Lakini kwa masafa marefu, bawa halina mshindani. Ndege yenye bawa hutumia mota kusukuma mbele tu, na hewa yenyewe ndiyo huibeba. Ndege ya Ukerewe ilichanganya mambo yote mawili: ilipaa wima kama helikopta, kisha mota zake zikainama mbele na bawa likachukua mzigo.

Jambo ambalo halikuzungumzwa sana ni kwamba ndege za kampuni hiyo zina damu ya mashindano. Moja yao iliingizwa katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kwa kufikia kasi ya karibu kilomita 240 kwa saa, kasi kubwa kuliko zote kwa ndege ya aina hiyo inayoongozwa kwa redio. Anayetaka kuelewa bawa la ndege ya dawa, basi, hana budi kuanzia kwenye ndege za mbio.

Mchezo wenye umri mrefu

Kuongoza ndege ndogo kwa redio si jambo la juzi. Ndugu wawili wa Marekani, Walter na William Good, walirusha ndege yao iliyoitwa Guff katika miaka ya 1930, na ndege hiyo imehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Smithsonian.

Mashindano ya mbio yalifuata baadaye. Katika daraja linalosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, ndege huzunguka nguzo tatu zilizosimikwa katika umbo la pembetatu ndefu na nyembamba. Mzunguko mmoja ni mita 400 na mshindani huzunguka mara kumi. Warukaji bora hukamilisha kilomita hizo 4 katika muda usiofika dakika moja, na kwenye sehemu zilizonyooka ndege zao hupita kilomita 300 kwa saa. Injini yake ina ujazo wa sentimita za ujazo 6.6 tu, yaani ni ndogo mno ukiilinganisha na ya pikipiki ya bodaboda.

Si mchezo wenye jina nchini, na vifaa vyake ni ghali. Lakini hakuna shule nzuri zaidi ya bawa, kwa sababu nguzo zile hazisamehe kosa. Bawa likiwa kubwa mno, ndege inachelewa. Likiwa dogo mno, inaanguka kwenye kona. Likiwa dhaifu, linakatika mbele ya watazamaji.

Hesabu ya kona

Tuchukue ndege ya mbio ya kiwango cha kujifunzia, yenye uzito wa kilo 1.8 na bawa lenye eneo la mita za mraba 0.30. Urefu wa bawa kutoka ncha hadi ncha ni mita 1.3, na upana wake wa wastani ni sentimita 23. Kasi yake ni kilomita 180 kwa saa, sawa na mita 50 kila sekunde.

Ikienda moja kwa moja kwa kasi hiyo, ndege hiyo karibu haina haja ya bawa. Hewa inapita kwa nguvu kubwa kiasi kwamba bawa linatumia chini ya asilimia 5 ya uwezo wake wa kunyanyua ili kubeba kilo zile 1.8. Sehemu kubwa ya bawa inakuwa abiria, inakokotwa na kuongeza ukinzani bure.

Mambo hubadilika ndege inapofika kwenye nguzo. Ikikata kona ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 20, nguvu inayohitajika kuivuta ibaki kwenye duara hilo ni karibu mara 13 ya uzito wake. Bawa lililokuwa likibeba kilo 1.8 sasa linabeba mzigo wa kilo 23, na sekunde chache baadaye linarudi kwenye kilo 1.8, kisha 23 tena kwenye nguzo inayofuata.

Abiria aliyewahi kusimama ndani ya basi linalokata kona kwa kasi katika barabara ya Musoma kwenda Bunda anaijua nguvu hiyo, isipokuwa ya basi ni sehemu ndogo sana ya hii. Binadamu wa kawaida angezimia kabla ya kufika nusu yake.

Kona hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa bawa. Kila bawa lina kasi ambayo chini yake haliwezi tena kubeba mzigo: hewa inaachana na mgongo wake, inavurugika, na ndege inaporomoka. Kwa ndege ya mfano wetu, ikiruka kawaida, kasi hiyo ni karibu kilomita 39 kwa saa. Kwenye kona ile, kwa kuwa mzigo umekua, inapanda hadi karibu kilomita 138. Mrukaji anayeingia kwenye kona kwa kilomita 180 ana akiba ya kilomita 42 tu, na akivuta usukani kwa pupa anaimaliza.

Umbali wa tumbusi

Mkoa wa Mara una mwalimu wake wa zamani katika somo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu wa Uingereza wa mruko wa ndege, Colin Pennycuick, alifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya Serengeti. Alikuwa na ndege nyepesi ya kuelea yenye injini ndogo, ambayo aliitumia kuwafuata angani tumbusi, korongo na wari, akipima jinsi wanavyopanda katika hewa ya joto na wanavyoteleza kutoka eneo moja hadi jingine. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1972 na yangali yakisomwa na wanaobuni ndege ndogo.

Tumbusi mwenye mgongo mweupe ana uzito wa kilo 5 na ushee, na mabawa yake yaliyonyooshwa yanazidi mita 2. Ukigawanya uzito wake kwa eneo la mabawa yake, kila mita ya mraba inabeba kati ya kilo 7 na 8. Ndege ya mbio ya mfano wetu inabeba kilo 6 kwa mita ya mraba. Kwa maneno mengine, kwa kipimo hicho ndege ya mbio ni nyepesi kuliko tumbusi anayeelea taratibu juu ya mizoga ya nyumbu.

Jambo hilo linashangaza, lakini sababu yake inaonekana katika kazi ya kila mmoja. Tumbusi hakati kona za mara 13 ya uzito wake. Anachotafuta ni kwenda mbali bila kupiga bawa, na ndiyo maana manyoya ya ncha za mabawa yake yametawanyika kama vidole. Vidole hivyo hupunguza kisulisuli kinachojikunja kwenye ncha ya kila bawa, pale hewa ya chini yenye mgandamizo mkubwa inapokimbilia juu kwenye mgandamizo mdogo. Kisulisuli hicho ni nguvu iliyopotea.

Bawa refu na jembamba huzaa visulisuli dhaifu kuliko bawa fupi na pana lenye eneo lilelile. Mbuni wa ndege za mbio, basi, angependa bawa refu. Lakini kadiri linavyorefuka ndivyo linavyopindika zaidi kwenye kona, na ndivyo linavyochelewa kujiviringisha ndege inapogeuka. Watengenezaji wengi huishia kwenye bawa lenye urefu wa mara tano hadi saba ya upana wake, lililochongoka kidogo kuelekea nchani. Tumbusi naye yumo humohumo.

Hewa ya Musoma ni nyepesi

Michoro mingi ya mabawa inayopatikana kwenye intaneti imetengenezwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Musoma siyo Dar es Salaam. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Butiama iko juu zaidi.

Mchana wenye joto la nyuzi 28, hewa ya Musoma inakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 16 kuliko hewa ya kipimo cha kawaida cha usawa wa bahari. Bawa linalopata hewa pungufu hunyanyua pungufu. Ile kasi ya kilomita 39 iliyotajwa hapo juu ni ya Musoma. Ndege hiyohiyo ikirushwa pwani siku ya baridi, ingekuwa kilomita 35.

Tofauti ya kilomita 4 inaweza kuonekana si kitu. Kwenye kona ile ya nguzo, inakuwa zaidi ya kilomita 10, yaani robo ya akiba yote aliyonayo mrukaji. Anayenakili mchoro wa kigeni bila kuongeza eneo la bawa au kupunguza uzito anajenga ajali yake mwenyewe mezani.

Kwa sababu hiyohiyo, asubuhi ni bora kuliko mchana. Hewa baridi ni nzito zaidi, na upepo unaotoka ziwani kuja nchi kavu bado haujaamka. Wavuvi wa Mwigobero wanaupangia ratiba upepo huo kila siku. Anayejaribu ndege mpya anapaswa kufanya vivyo hivyo.

Umbo la mkato

Ukilikata bawa kama mkate na kuutazama mkato wake, utaona umbo la tone la maji lililolala: pua ya mviringo mbele na mkia mwembamba nyuma.

Vitabu vingi vya shule vimefundisha kwamba hewa ya juu hukimbia haraka kwa sababu ina safari ndefu na lazima ikutane na mwenzake wa chini kwenye mkia kwa wakati mmoja. Maelezo hayo si sahihi. Hakuna sheria inayoilazimisha hewa kukutana, na vipimo vinaonyesha kwamba ya juu hufika mapema zaidi. Kinachotokea ni kwamba bawa huigeuza hewa na kuielekeza chini, nayo hewa hulisukuma bawa juu. Mvuvi aliyewahi kutoa kafi ubavuni mwa mtumbwi unaokwenda kasi na kuliinamisha kidogo ameihisi nguvu hiyo mkononi.

Umbo linalofaa halikupatikana kwa kubahatisha. Mwaka 1901 ndugu Wright wa Marekani, baada ya kuona kwamba hesabu walizorithi haziendani na ndege zao, walitengeneza sanduku la kupitishia upepo na kupima maumbo yapatayo 200 ya mabawa madogo. Miaka miwili baadaye, Desemba 17, 1903, waliruka.

Kwa ndege ya mbio, mkato unaopendelewa ni mwembamba, wenye unene wa asilimia 8 hadi 10 ya upana, na tumbo lisilo bapa kabisa. Kwa mfano wetu wenye upana wa sentimita 23, unene ni kama sentimita 2 tu. Unene huo hupunguza ukinzani, lakini humletea fundi shida nyingine.

Kutoka boksi la sangara hadi bawa

Minofu ya sangara inayosafirishwa nje kutoka viwanda vya kanda ya ziwa hupakiwa katika maboksi meupe ya povu gumu. Povu la aina hiyo, linalotumika pia kufungashia friji na televisheni, ni nyenzo halali kabisa ya kutengenezea kiini cha bawa. Kwa kuwa mita moja ya ujazo ya povu hilo ina uzito wa karibu kilo 20, kiini kizima cha bawa letu hakizidi gramu 85, pungufu ya uzito wa mayai mawili.

Hukatwa kwa waya wa moto, si kwa msumeno. Waya mwembamba wa aina ile inayotumika katika majiko ya umeme hukazwa kwenye upinde wa mbao na kupashwa moto kwa betri ya volti 12. Violezo viwili vya plaiwudi vyenye umbo la mkato wa bawa hubandikwa pande mbili za kipande cha povu, na watu wawili huuvuta waya kufuata violezo hivyo kwa mwendo uleule. Anayeharakisha huacha makovu, na anayechelewa huyeyusha shimo. Kazi hiyo ifanyike nje, kwani moshi wake una sumu.

Povu peke yake haliwezi kubeba kilo 23. Linahitaji mhimili unaopita ndani yake kutoka ncha hadi ncha, na hapa ndipo wembamba wa sentimita 2 unapodai malipo.

Kwenye kona, kila upande wa bawa unabeba kilo 11.5, na kwa wastani mzigo huo unakaa umbali wa kama sentimita 27 kutoka katikati ya ndege. Ni kama mtaimbo: mkono mrefu upande mmoja, mfupi upande mwingine. Mkono mfupi ni kimo cha mhimili, ambacho ndani ya bawa la sentimita 2 hakizidi sentimita 1.8. Matokeo yake, ubapa wa juu wa mhimili unabanwa kwa nguvu inayozidi kilo 170, na ubapa wa chini unavutwa kwa kiasi hichohicho. Mzigo umezaa mara 15.

Fito za mianzi zilizochaguliwa vizuri zinaweza kuhimili ndege ya polepole. Kwa ndege ya mbio, watengenezaji hutumia bapa za nyuzi za kaboni, ambazo zina nguvu kubwa kwa uzito mdogo lakini huagizwa kutoka nje. Kiungo cha katikati, pale mabawa mawili yanapoonana, ndicho huvunjika mara nyingi, na ubapa wa juu hutangulia kwa sababu kitu chembamba kikibanwa hujikunja kabla ya kuvunjika.

Juu ya povu na mhimili hutandikwa kitambaa cha faibaglasi kilicholoweshwa gundi. Mafundi wa boti kandokando ya ziwa wanaijua kazi hii, lakini kuna mtego. Gundi ya poliesta wanayozibia boti huyayusha povu hili kama maji yanavyoyeyusha sukari. Inayotakiwa ni epoksi. Wiki nzima ya kazi inaweza kuishia kwenye shimo linalonuka kwa kuchanganya makopo mawili.

Kabla ya kuruka, bawa hupimwa mezani. Ndege hugeuzwa chali, hushikwa katikati, na mifuko ya sukari ya kilo moja moja hupangwa juu ya bawa, mingi ikiwa karibu na katikati na michache nchani, hadi itimie 23. Bawa litapinda, na hilo si kosa. Likilia au likaonyesha mkunjo kwenye ngozi ya juu, fundi anarudi kazini. Ni afadhali sukari imwagike sakafuni.

Adui anayetetemeka

Wapo wanaopita mtihani wa sukari na bado wakapoteza ndege. Sababu huwa ni mtetemo.

Nyuma ya kila bawa kuna kibapa kinachopanda na kushuka ili kuinamisha ndege, kikiendeshwa na mota ndogo inayopokea amri kutoka kwenye redio. Kibapa hicho kikiwa kizito, au bawaba zake zikiwa zimelegea hata kwa unene wa kucha, hewa ya kasi inaweza kuanza kukichezesha. Kibapa kinalipindisha bawa, bawa linakirudishia kibapa, na katika muda usiotosha mrukaji kupepesa jicho bawa limejichana. Anayesikia mlio kama wa nyuki mkubwa ndege ikipita ana nafasi moja tu, ambayo ni kupunguza kasi papo hapo.

Dawa yake ni kuondoa ulegevu wote katika viungo, kuvifanya vibapa viwe vyepesi, na kulifanya bawa lisisokoteke kwa urahisi. Kwa hilo la mwisho, kitambaa cha faibaglasi hulazwa kwa mshazari, nyuzi zake zikikatisha bawa kwa nyuzi 45. Ni jambo dogo lisilogharimu chochote, na wanaoanza wengi hulipuuza kwa sababu kitambaa kilichonyooka huonekana nadhifu zaidi.

Sheria na hatari

Kilo 1.8 zikienda kwa mita 50 kwa sekunde zina nguvu ya pigo sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 unaodondoka kutoka zaidi ya mita 4, urefu wa paa la nyumba ya kawaida. Kwa hiyo hiki si kichezeo cha kurushia uwanja wa mpira wakati watoto wanacheza.

Ndege zisizo na rubani nchini husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania chini ya kanuni za mwaka 2018, na anayetaka kurusha anapaswa kusajili na kupata kibali. Kwa wakazi wa Musoma jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa kiwanja cha ndege kimo ndani ya mji. Kwa upande wa Bunda, mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti uko karibu na barabara kuu, na kurusha ndege ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa.

Baada ya mwaka 2018

Majaribio ya Ukerewe yalikwisha mwaka huohuo. Yalithibitisha kwamba jambo linawezekana, lakini hayakugeuka kuwa huduma ya kila siku, na shehena za dawa zimeendelea kutegemea barabara ya Bunda na vyombo vya majini.

Kwingineko mambo yamekwenda mbele. Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege za bawa za kampuni ya Zipline mwaka 2016. Kenya ilipata kituo cha kampuni hiyo katika Kaunti ya Kisumu, upande wa pili wa ziwa hilihili, mwaka 2023. Ndege zile zina bawa la takriban mita 3 na hazipai wima; hurushwa kwa mtambo kama manati na kudondosha mzigo kwa mwavuli.

Visiwani Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa ajili ya ramani kwa kutumia ndege za povu ambazo bawa lake halifiki mita moja, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kuzirusha. Povu lake ni ndugu wa lile la boksi la sangara.

Malawi ilichukua njia nyingine. Mwaka 2020, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilifungua huko chuo cha ndege zisizo na rubani, ambako wanafunzi walijifunza kuunda wenyewe ndege ya bawa kwa mbao za povu na vipande vilivyochapwa kwa mashine. Ndege hiyo ilibuniwa ili ikivunjika itengenezwe palepale bila kusubiri kipuri kutoka ng'ambo.

Mara ina chuo kikuu cha kilimo na teknolojia kinachobeba jina la Mwalimu Nyerere huko Butiama, mafundi wa boti wanaojua kutandika faibaglasi, na maboksi ya povu yanayotupwa. Bapa za kaboni, betri za lithiamu na redio ni za kuagiza. Bawa lenyewe, tukiacha mhimili wake, linaweza kutoka Musoma.